Mabingwa wa Maziwa Wasiokamuliwa

Katika soko la Chwele, Kabuchai, fahali hununuliwa kwa macho: nundu, mgongo, mapaja, kisha bei. Ni nadra mtu kuuliza mama wa fahali alinyonyesha vipi, na hapo ndipo penye rekodi.

Aliyezalisha kupindukia ni Toystory, Holstein wa Marekani aliyekufa mwaka 2014. Alitoa dozi milioni 2.4 za mbegu, na watoto wake wanakadiriwa kupita 500,000.

Aliyeleta faida na hasara kwa mpigo mmoja ni Chief, Holstein mwenzake, aliyezaliwa mwaka 1962. Alipata mabinti 16,000 wenye maziwa tele, lakini alibeba kasoro ya jeni iliyosababisha zaidi ya mimba 500,000 kuharibika duniani. Waliompenda waliona ndoo zikijaa tu.

Mwaka 2023 ng'ombe ghali kuliko wote alikuwa Viatina-19 wa Brazil, Nelore wa kilo 1,101, aliyethaminiwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Kwa nundu yake hangeshangaza mtu Chwele. Bei ndiyo ingezua rabsha.

Kwa Kenya, taji langu nawapa ng'ombe aina ya Sahiwal. Kati ya 1939 na 1963 waliletwa madume 60 hivi na majike 12 tu, na kutoka Naivasha damu yao ikasambaa hadi mifugo ya Wamaasai, waliohitaji maziwa bila kupoteza nyama.

Rekodi ya uvumilivu ni ya anayechagua fahali wa nyama kwa maziwa ya mabinti. Hapimi kwa ndoo, anaweka ndama wa binti kwenye mizani akiachishwa kunyonya, karibu miezi 7, kisha analinganisha na ndama wenzake wa msimu huo. Fahali apande akiwa na miaka 2, binti azae akiwa na 3, ndama akue: imepita miaka 6, na huenda fahali mwenyewe keshachinjwa. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu huanza na kiwele cha mama na cha dada zake.

Ila maziwa yakizidi nayo ni mzigo. Penye malisho haba, mama hukonda akimnenepesha ndama, kisha akachelewa kushika mimba. Anayekata majani ya nepia kila jioni anaweza kumlisha binti wa aina hiyo. Anayetegemea nyasi za kando ya barabara amwachie jirani fahali huyo.