Huduma kama Kukaa: Utumishi wa Kikristo katika Jamii ya Gulu, Kaskazini mwa Uganda, na Maswali Yake kwa Sera ya Afya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna Wakristo wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, walivyoidhihirisha imani yao kwa kuwahudumia majirani zao wakati wa vita na wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2000. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha huduma hiyo kilikuwa kukaa, yaani kubaki mahali ambapo kila mwenye uwezo wa kuondoka alikuwa na sababu nzuri ya kuondoka. Sera inayozitambua taasisi za kidini kwa idadi ya vitanda na wagonjwa haina safu ya kuandikia gharama ya kukaa huko. Gharama hiyo huwaangukia wauguzi.

Utangulizi

Kiswahili cha makanisani hutumia maneno mawili ambayo wasikilizaji wengi huyachukulia kuwa ni kitu kimoja: huduma na utumishi. Hata hivyo, maneno haya hayajapita njia moja. Huduma, neno lenye asili ya Kiarabu, limekwisha kuzoea kaunta: kuna huduma za benki, huduma kwa wateja, huduma za afya. Ni jambo linalotolewa, likapokelewa na kuhesabiwa. Mtumishi, kwa upande wake, ana mzizi mmoja na mtume; neno hilo humtaja mtu pamoja na yule aliyemtuma, hata pale linapotumika katika utumishi wa umma. Kazi ya kanisa inapoingia katika nyaraka za wizara huingia kama huduma. Wanaoifanya, wakiulizwa, aghalabu huiita utumishi. Tofauti hiyo si ya msamiati peke yake, kama mfano wa Gulu unavyoonyesha.

Hospitali na wenyeji wake

Tiba ya kimisheni nchini Uganda ina historia ndefu. Hospitali ya Mengo ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1897, na masista Wakatoliki walianza kazi yao Nsambya mwaka 1903. Kaskazini mambo yalichelewa. Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, iliyo umbali mfupi kutoka Gulu mjini, ilifunguliwa na wamisionari wa Comboni mwaka 1959 ikiwa zahanati ndogo yenye wodi ya wazazi. Mwaka 1961 walifika Piero Corti, daktari wa watoto kutoka Italia, na Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada, ambao walifunga ndoa na kubaki hapo maisha yao yote. Teasdale aliambukizwa Virusi vya UKIMWI akiwa katika upasuaji, akafariki mwaka 1996.

Kumbukumbu nyingi za Lacor huishia kwa wanandoa hao wawili, na hapo ndipo zinapokosea. Uamuzi wao wenye matokeo makubwa zaidi ulikuwa kuwafundisha wenyeji na kisha kuwaachia uongozi. Matthew Lukwiya, mzaliwa wa Kitgum, alifika Lacor mwaka 1983 akiwa daktari mwanafunzi wa vitendo, na baadaye akawa mganga mkuu wa hospitali hiyo. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walifika hospitalini kuwateka wauguzi. Lukwiya alijitoa achukuliwe badala yao, akatembezwa porini kwa muda wa wiki moja kabla ya kuachiwa. Kwa hiyo, miaka kumi na moja kabla ya Ebola, wafanyakazi wa Lacor walikwisha kujua kiongozi wao angefanya nini mambo yakiharibika.

Mlipuko wa mwaka 2000

Mapema Oktoba 2000 wanafunzi wa uuguzi wa Lacor walianza kufariki kwa ugonjwa usiofahamika. Lukwiya, aliyekuwa Kampala akisomea shahada ya afya ya umma, aliitwa arudi. Alipitia mafaili ya wagonjwa usiku kucha, akayalinganisha na mwongozo wa kimataifa kuhusu homa za kuvuja damu, kisha akapiga simu moja kwa moja kwa viongozi wa wizara Kampala bila kusubiri ngazi za kawaida. Wodi ya kutenga wagonjwa ilikwisha kuandaliwa kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kuwa ni Ebola. Wadadisi wa sera wanaopenda kulitazama tukio hili kama kisa cha ujasiri wafikirie kwanza usiku ule wa mafaili: kulikuwa na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, na mtu aliyejua kuzisoma. Bila hayo ujasiri ungekuja baada ya maafa.

Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Februari 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 kati yao wamefariki. Katika hospitali ya Lacor pekee walifariki wahudumu zaidi ya 10. Kuelekea mwisho wa Novemba, baada ya wauguzi kadhaa kufa katika muda mfupi, wenzao walisita kuingia kazini, wakakusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi. Lukwiya alizungumza nao. Aliwaeleza kwamba anayetaka kuondoka yuko huru kuondoka, na kwamba yeye atabaki hata kama atabaki peke yake. Majadiliano yalichukua saa kadhaa, na wengi walirudi wodini. Siku hizo hizo yeye mwenyewe alikwisha kuambukizwa, baada ya kuitwa usiku kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitoka damu. Alivaa glavu, barakoa na gauni la kinga, lakini si miwani ya kukinga macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akazikwa ndani ya uwanja wa hospitali karibu na kaburi la Teasdale.

Haki inadai kusema kwamba si Wakristo wa Lacor peke yao waliobaki. Hospitali ya serikali ya Gulu nayo ilikuwa na wodi ya kutenga wagonjwa, na wahudumu wake walikabili hatari ile ile. Jamii ya Waacholi vilevile haikuwa kundi la wapokeaji waliokaa wakisubiri kuokolewa. Waacholi wanalo neno gemo, linalotaja maradhi yanayofagia watu ghafla kana kwamba ni upepo mbaya, na gemo ina kanuni zake: mgonjwa hutengwa katika nyumba iliyo mbali na nyingine, matete mawili marefu husimikwa kuionya jamii, aliyekwisha kuugua na kupona ndiye hupewa kazi ya kumlisha mgonjwa, na ngoma husitishwa. Watafiti wa anthropolojia waliofika Gulu wakati wa mlipuko walibaini kuwa kanuni hizi hazikupingana na ushauri wa madaktari. Kwa sehemu kubwa zilikuwa ushauri ule ule. Mhudumu aliyezaliwa katika jamii hiyo hakuhitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Hii ndiyo faida ya kukaa ambayo haionekani katika takwimu za vitanda.

Usiku wa Gulu

Vita kati ya serikali na waasi wa Lord's Resistance Army viliwasukuma watu zaidi ya milioni 1.5 kwenye kambi. Watoto walioogopa kutekwa walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala mjini, na asubuhi wakarudi. Uwanja wa Lacor ulipokea maelfu yao kila usiku, pamoja na mama zao. Hospitali haikujengwa kwa kazi hiyo, wala bajeti yake haikuitaja: maji, vyoo, taa na walinzi vilipatikana kwa kubanwa kwa mahitaji mengine.

Mwezi Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama, pamoja na viongozi wenzake wa dini, walitoka majumbani mwao wakalala nje na watoto hao mjini Gulu kwa usiku nne. Viongozi hao, Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu, walikuwa wameungana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Acholi Religious Leaders Peace Initiative, chombo kilichochangia kupatikana kwa Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Kulala barabarani hakukumlisha mtoto hata mmoja. Kulifanya, hata hivyo, jambo ambalo taarifa za mashirika hazikuwa zimefanya: kuliwalazimisha watu wa mbali kuuliza kwa nini askofu analala chini.

Kinachonunuliwa na kisichonunuliwa

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilianza kutoa ruzuku kwa hospitali za kidini zisizotafuta faida, hatua iliyostahili kupongezwa. Machi 2001, wiki chache tu baada ya Ebola kwisha, ada za matibabu zilifutwa katika vituo vya serikali, wodi za kulipia zikiachwa. Hospitali za kanisa hazikuweza kufuata hatua hiyo kikamilifu, kwa kuwa ruzuku haikufidia pengo. Lacor ilichagua kutoza ada ndogo ambayo haikukaribia gharama halisi. Baadaye mishahara ya serikali ilipopanda, wauguzi wa hospitali za kidini walianza kuhamia serikalini. Baadhi ya viongozi wa makanisa waliliona hilo kuwa upungufu wa wito. Tafsiri hiyo haiwatendei haki wauguzi. Muuguzi mwenye watoto wa kusomesha haachi imani yake anapotafuta mshahara anaostahili, na taasisi inayohubiri utumishi huku ikilipa chini ya jirani yake inauomba mfuko wa muuguzi uchangie sadaka ya askofu.

Hapa ndipo tofauti ya huduma na utumishi inaporudi ikiwa na uzito wa kisera. Serikali inaweza kununua huduma. Utumishi haununuliwi, na haupaswi kuingizwa katika mipango kana kwamba ni rasilimali ya bure. Kinachoweza kuandikwa katika makubaliano kati ya wizara na hospitali za kidini ni mambo ya kawaida kabisa: akiba ya vifaa vya kinga, miwani ya macho ikiwemo, inayowekwa hospitalini kabla ya mlipuko na kukaguliwa kila robo mwaka, posho ya mazingira hatarishi inayolingana na ile ya mtumishi wa serikali aliye katika wodi ya aina ile ile, na fidia kwa familia ya mhudumu aliyefia kazini, bila kujali jina la mwajiri lililo juu ya hati yake ya mshahara. Mwanafunzi wa uuguzi naye atajwe humo kwa jina la kazi yake, kwa kuwa mwaka 2000 wanafunzi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, na mwanafunzi hana hati ya mshahara.