Mzoa Taka Naye Ana Watoto

Akina mama wenzetu, yule anayepita mlangoni na kiroba akiokota chupa, tusimwite mwizi. Sisi wauguzi tumewafunga vidonda wengi wa kazi hiyo, waliokatwa na nyembe tulizotupa pamoja na maganda ya ndizi.

Tena bei ya plastiki hupanda na kushuka. Peke yake haimlishi mtu. Kule Pune, India, ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH, wengi wao wanawake, ulifunga mkataba na manispaa mwaka 2008. Kila nyumba huwalipa ada ya mwezi, na wanachookota wakauza ni chao.

Kikundi chetu cha kanisa kimeanza hivyo: ndoo mbili jikoni, nyembe ndani ya kopo lenye kifuniko, na ada tunamkabidhi mzoaji mwenyewe. Wapo wanaonung'unika kuwa ni ghali, na vocha ya simu hawaikosi!