Mchungaji Anapoishiwa Nguvu

Askofu Mkatoliki akitimiza miaka 75 huandika barua ya kuomba kustaafu. Akidhoofika mapema, sheria ya Kanisa inamsihi aiandike mapema. Je, Papa akipoteza fahamu? Sheria haijaeleza la kufanya. Benedikto XVI alijiuzulu mwenyewe mwaka 2013 akiwa na miaka 85, akikiri kupungukiwa nguvu za mwili na akili. Fransisko, aliyemrithi, alitia saini mwaka huohuo barua ya kujiuzulu, itumike ugonjwa ukimzuia kuhudumu. Aliitia saini akiwa mzima, maana mgonjwa hajui kalamu iko wapi.

Huku kwetu tunamshika mzee mkono apande madhabahuni. Anasahau sala katikati, nasi tunaitikia “Amina”. Tunaiita heshima. Nani atakwenda kwake Jumatatu, wawili tu, akamweleze?