Mama, Mabinti na Mwanga wa Dirishani

Mwaka 1840, Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga picha ya meza ya chai ya asubuhi nyumbani kwake Lacock. Vikombe vimepangwa, kila kitu tayari, ila wanywaji hawaonekani. Picha za siku zile zilitaka mwanga kwa muda mrefu, na mtu anayekunywa chai hatulii kama birika.

Miaka 20 hivi baadaye, kamera iliweza kuwapokea wenye nyumba. Clementina Hawarden, mke wa lodi mwenye mashamba Ireland, alihamia London mwaka 1859, akageuza vyumba vya ghorofa ya kwanza kuwa studio. Kati ya watoto wake, aliowapiga picha zaidi ni mabinti watatu wakubwa: Isabella Grace, Clementina na Florence.

Katika picha hizo, binti mmoja ameegemea dirisha, nywele kaziachia, mwanga wa roshani unamshukia begani. Mwingine kasimama mbele ya kioo kirefu, akawa wawili. Samani karibu zote zimeondolewa. Nyuma yao kuna karatasi ya ukutani yenye nyota na kitu kimoja au viwili tu. Mtazamaji huhisi kana kwamba kafungua mlango bila kubisha hodi.

Lakini utulivu huo ulikuwa wa kutengenezwa. Bamba la kioo lilipakwa kolodioni, likachovywa gizani katika nitrati ya fedha, likapigwa picha na kusafishwa lingali bichi, yote kwa dakika chache. Nitrati hiyo ikimgusa mtu, huacha doa jeusi lisilosikia sabuni. Binti naye alipaswa kuganda kwa sekunde kadhaa huku akijifanya amezama mawazoni. Wakati mwingine mabinti walivaa nguo za maigizo. Clementina mdogo aliwahi hata kuvaa kama mwanamume, akisimama na dada yake kama wapenzi. Ni mchezo wa nyumbani, na pengine ndiyo sababu nyuso zao hazina ule ukakamavu wa picha za studio za mjini.

Chama cha Wapiga Picha cha London kilimpa Hawarden nishani, lakini mwezi Januari 1865 nimonia ilimwua akiwa na umri wa miaka 42. Picha 775 zilifika Makumbusho ya Victoria and Albert mwaka 1939, zikitolewa na mjukuu wake. Nyingi hazina pembe kamili: zilikuwa zimegundishwa kwenye albamu za familia, na aliyezibandua humo alizichana au kuzikata.