Uvimbe wa Taya la Mtoto: Si Jino, Wala Si Jicho la Hasidi

Mtoto akivimba shavu, wengi wetu hudhani ni jino. Uvimbe ukizidi hutajwa husuda, na siku zikapita kwa kombe na azima. Hatukatai dua, Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliomba dua na akaagiza watu watafute tiba. Lakini ipo saratani ya watoto isiyongoja: uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Nayo ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mwaka 1957 mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Alipofuatilia akaona maradhi haya yameshika ukanda wa joto na mvua, ule ule wa malaria. Mwaka 1961 alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwamo ukumbini. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja kilicheleweshwa na ukungu, kikafika maji yake yametibuka kama yaliyooza. Kumbe zilikuwa chembe hai za saratani zikielea. Ndani ya chembe zilizokuzwa kwa njia hiyo, mwaka 1964, kikaonekana kirusi cha jamii ya hepesi. Kikaitwa kwa majina ya Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr. Mwenzao wa tatu, Bert Achong, akasahauliwa.

Kirusi hiki huenea kwa mate, na zaidi ya watu wazima tisa katika kumi wanacho bila kuugua. Basi mama asijilaumu kwa kumbusu mwanawe. Hatari huzidi pale malaria ya mara kwa mara inapovuruga kinga ya mtoto, na chandarua kina kazi kubwa kuliko tunavyodhani.

Taya likivimba, meno yakalegea, jicho likatokeza au tumbo likajaa ghafla, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akatwe kinyama kipimwe. Wengi wanaowahi hupona kwa dawa za saratani. Linalotuuma zaidi ni hili: dozi za mwanzo huyeyusha uvimbe upesi, mzazi akafurahi, akamrudisha mtoto nyumbani kabla ya dawa kwisha. Uvimbe ukirudi, huwa mgumu mno kutibika.