Kompresa Nyumbani na Usingizi wa Jirani

Si ajabu siku hizi, kuanzia Shela na Maweni mjini Malindi hadi Mnarani kule Kilifi, kukuta banda la gari lililogeuzwa karakana. Kijana hujaza upepo matairi ya tuktuk au hupulizia rangi vitanda na makabati, na nyumba ikapata riziki ya halali. Lakini nyuma ya ukuta yuko mzazi aliyejifungua juzi, au mzee mgonjwa, na kila kompresa inaponguruma mtoto hushtuka. Mara nyingi jirani huyo hunyamaza kwa haya. Kimya chake tusikidhani kuwa ni ridhaa.

Serikali nayo imeweka mpaka. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zaruhusu nje ya nyumba za makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na usiku kwa hesabu yao waanza saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kompresa ya pistoni yaweza kufikia desibeli 85 kwa aliye mita moja nayo. Mahali pa wazi, kila umbali uzidipo mara mbili hupungua kama desibeli 6, basi aliye mita 8 bado asikia 67. Kwa nyua zetu zilizobanana, kuisogeza mashine pembeni hakutoshi.

Wengi hukimbilia blanketi. Hilo tunawasihi kina mama walikataze kabisa. Mashine hupozwa kwa hewa. Ukiifunika katika joto la kaskazi mota huungua, na kitambaa chaweza kushika moto.

Dawa ianzie kinywani mwa mashine. Sehemu kubwa ya ngurumo hutoka pale pistoni inapovuta hewa, kwenye chujio dogo lililo kichwani. Fundi aweza kulifungua, akaunga mpira usio mwembamba kuliko tundu lenyewe, akaupitisha nje upande usio na jirani, kisha akalirudisha chujio kwenye ncha yake na kulikinga na mvua. Ncha hiyo isikae penye mvuke wa rangi. Kisha atazame miguu. Mashine ikikaa juu ya saruji tupu, mtikisiko hupita sakafuni hadi nyumba ya pili. Vipande vinene vya tairi kuukuu chini ya kila mguu huupunguza.

Kuta za mawe ya matumbawe walizotuachia wazee huzuia sauti vizuri kwa uzito wake. Kinachotusaliti ni lango la bati, na ule uwazi ulio baina ya ukuta na paa, kwani sauti hupenya penye tundu kama maji. Anayetaka kuijengea kijumba, akijenge kwa matofali, aache matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yakielekea mbali na jirani. Sponji ya godoro na makumbi ya nazi hufyonza sauti kiasi, ila hushika moto upesi. Sisi hatuzipendi karibu na mota.

Tena iko kompresa inayojiwasha yenyewe usiku wa manane. Hiyo imeachwa na umeme, na kiungo chake kinavuja. Povu la sabuni likipakwa kwenye viungo huonyesha penye tundu. Na swichi izimwe kazi ikiisha. Maji ya ndani ya tangi nayo yamwagwe kila siku: si jambo la kelele, lakini unyevu wa pwani hulila chuma, na tangi lililooza laweza kupasuka likaua.

Yaliyobaki ni ya mama wa nyumba kuliko ya fundi: kubisha hodi kwa jirani na kumuuliza mtoto hulala saa ngapi. Tangi likijazwa kabla ya saa hiyo, tairi moja au mawili yaweza kupata upepo bila ya mashine kuwashwa tena.