Kimeng'enya kinachochunga asidi damuni

ANAYEPANDA Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, huweza kujikuta akihema kama aliyefukuzwa na fahali, kichwa kikimuuma na usingizi ukimpaa. Baadhi ya wapandaji hubeba vidonge vya asetazolamaidi. Ajabu ni kwamba kazi ya dawa hiyo ni kuzuia kimeng'enya kimoja tu mwilini, kiitwacho kaboniki anhidresi.

Kipimo cha asidi na alkali katika damu, yaani pH, hakina budi kukaa kati ya 7.35 na 7.45. Kikienda kombo, moyo na ubongo hutatizika. Hata hivyo, mwili huzalisha hewa ya kaboni usiku na mchana, nayo ikichanganyika na maji huzaa asidi.

Kimeng'enya hiki, ambacho Meldrum na Roughton walikieleza huko Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kina chembe ya zinki katikati yake. Ndani ya chembe nyekundu za damu, huunganisha hewa ya kaboni na maji, pakatokea bikaboneti na haidrojeni. Molekuli moja yaweza kufanya hivyo takriban mara 1,000,000 kwa sekunde! Himoglobini huishika haidrojeni, nayo bikaboneti husafiri hadi mapafuni, ambako kimeng'enya kile kile huirejesha kuwa hewa ya kaboni ili itolewe nje.

Mapafu ndiyo husifiwa, ilhali figo nazo zina kazi nzito. Humo, kimeng'enya huwezesha bikaboneti iliyochujwa irudi damuni badala ya kupotelea katika mkojo.

Huko mlimani, oksijeni ikiadimika, mtu hupumua kwa kasi na kutoa hewa ya kaboni kupita kiasi. Damu huelekea upande wa alkali, nao ubongo hupunguza upumuaji wakati oksijeni ingali inahitajika mno. Figo hurekebisha hali hiyo, lakini kwa siku kadhaa. Asetazolamaidi huziharakisha: kimeng'enya kikizuiwa, bikaboneti hutoka na mkojo, damu ikaongezeka asidi kidogo, na mtu akaendelea kupumua ipasavyo.

Ndiyo maana mtumiaji huenda haja ndogo mara kwa mara, na vidole vyake huweza kufa ganzi. Wenye maradhi ya figo au ini sharti wamwone daktari kwanza. Wala vidonge si ruhusa ya kupanda mbio: anayeanza kuyumba au kuchanganyikiwa ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.